Mgahawa mdogo katika miezi ya joto: majibu kwa wasomaji

Tangu kaskazi ianze kuvuma tumepokea maswali mengi kutoka kwa wenye migahawa midogo ya mwambao, na kilio chao kinafanana: joto linawaondolea watu hamu ya kula mchana, Ramadhani ya miaka hii inaangukia humo humo, kisha masika yanabisha hodi kabla mfuko haujapata nafuu. Tumechagua maswali sita.

Nauza wali maharage karibu na kiwanda, Dar es Salaam, kwa shilingi 3,000 sahani. Wateja wamepungua sana tangu Januari. Je, nishushe bei hadi 2,500?

Kabla ya kushusha, chukua kalamu. Tuseme mchele, maharage, mafuta na gesi ya sahani moja vinakugharimu shilingi 1,800. Kinachobaki ni 1,200, nacho ndicho kinacholipa kodi ya pango, ushuru na ujira wa wasaidizi, yaani gharama zisizojali kama leo umeuza au umelala. Ikiwa gharama hizo ni 48,000 kwa siku, unahitaji kuuza sahani 40 ili usile mtaji. Ukishusha bei hadi 2,500, kinachobaki kwa kila sahani ni 700 tu, na sahani unazohitaji zinapanda hadi 69. Katika mwezi ambao hata hao 40 hawapatikani, hao 69 watatoka wapi? Isitoshe, mteja aliyezoea 2,500 hatarudi kwenye 3,000 bila manung'uniko.

Ningekushauri uache bei ya sahani kubwa ilivyo, kisha uongeze sahani ndogo ya 2,000 yenye wali kidogo na kachumbari ya kutosha, kwa sababu wakati wa joto watu wengi kweli hula kidogo, na wengine wanakukwepa si kwa bei bali kwa kuwa ule mlima wa wali unawatisha saa saba ya mchana. Ikikugharimu 1,000, inakuachia 1,000, jambo ambalo ni bora kuliko 700 za sahani kubwa iliyoshushwa bei. Pembeni weka juisi ya ukwaju au ubuyu. Ukwaju mkavu hukaa miezi bila kuharibika, tofauti na pasheni na tikiti ambavyo visipouzwa leo ni hasara ya kesho. Na kama ubaoni umeandika vyakula kumi, futa sita, maana kila chakula cha ziada ni sufuria inayosubiri mtu asiyekuja.

Mimi ni mama lishe wa Tanga. Maharage yangu ya nazi yanachacha kabla ya alasiri. Nifanyeje?

Mama, mkosaji hapo ni tui, ambalo huchacha haraka mno likiachwa vuguvugu. Chemsha maharage asubuhi pamoja na vitunguu na chumvi, lakini usitie tui. Kila mkupuo wa wateja unapokaribia, chota katika sufuria ndogo kiasi cha sahani kumi au kumi na tano, kisha malizia kwa tui bichi la nazi uliyoikuna na kuikamua wakati huo. Matumizi ya gesi yataongezeka kidogo, ila hutamwaga sufuria nzima saa tisa.

Kanuni yenyewe ni kwamba chakula kilichopikwa kisikae kati ya nyuzi 5 na 60 za Selsiasi, kwani hapo ndipo vijidudu huzaana kwa kasi. Shirika la Afya Duniani linashauri kisizidi saa mbili katika joto la kawaida. Mchana unaopita nyuzi 32, ambao Tanga mnaufahamu vizuri, ihesabu kuwa saa moja. Kwa hiyo kiwe jikoni kinafuka moshi, au kiwe ndani ya friji.

Juu ya wali nitasema kwa ukali kidogo, kwa sababu kiporo tumekulia nacho na tunakiamini kupita kiasi. Kuna bakteria ambao mbegu zao hustahimili kupikwa, na wali ukiachwa ndani ya sufuria usiku kucha hutoa sumu ambayo kuupasha moto hakuiondoi. Wali uliolala nje ya friji usimuuzie mtu, hata kama haunuki.

Mgahawa wangu uko Mji Mkongwe, Unguja. Mwezi mzima wa Ramadhani mchana hakuna biashara, na pango linaendelea.

Usijaribu kuupigania mchana. Hamishia kazi alasiri, ukifuata taratibu za mamlaka ya mji. Lakini usitarajie kwamba kila mtu atanunua futari, kwani nyumba nyingi hupika zenyewe. Wanunuzi wako ni watu watatu: kijana anayeishi peke yake, mama anayetoka kazini amechelewa, na mwenye nia ya kuwafuturisha watu msikitini. Huyu wa tatu ndiye wa kumtafuta mapema, hata katika Shaabani, maana anaagiza sahani hamsini kwa mara moja na analipa kabla. Pokea oda kwa simu hadi saa sita mchana, pokea na malipo papo hapo, kisha upike kile kilicholipiwa tu: mihogo ya nazi, ndizi, tambi, kaimati, uji. Ukifanya hivyo, utashinda na kazi ya kutosha, na usiku hakitabaki cha kutupa.

Zingatia pia kwamba Ramadhani hurudi nyuma siku 10 au 11 kila mwaka wa kalenda ya kawaida. Mwaka 2030 inatarajiwa kuingia mara mbili, mwanzoni mwa Januari na tena mwishoni mwa Desemba, yaani katikati ya wingi wa watalii. Mwenye mkataba wa pango wa miaka mingi aanze kuhesabu sasa.

Tokeni za stima zinanimaliza hapa Mombasa. Friji mbili na kiyoyozi, na wateja ni haba.

Zima friji moja, uikaushe na uuache mlango wazi kidogo isiote ukungu. Inayobaki, funga mlango wake ukiwa umebana karatasi. Karatasi ikivutika bila kukwama, mpira umechoka na baridi inatoka usiku na mchana. Futa vumbi la nyuma, isogeze mbali na ukuta na jiko, na mpishi akatazwe kuingiza sufuria ya moto. Kuhusu kiyoyozi, feni ya dari hutumia umeme pungufu kwa mara kumi hivi, na kipenu cha makuti mbele ya mlango hupoza zaidi ya bati.

Nina mkahawa Watamu. Kuanzia Aprili hadi Juni wageni hawaonekani. Niwaachishe kazi wafanyakazi wanne, kisha niwaajiri tena Julai?

Hesabu kwanza gharama ya kuwaachisha. Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007 inadai, kwa anayepunguzwa kwa sababu ya biashara, notisi ya mwezi mmoja na malipo ya angalau siku 15 kwa kila mwaka kamili aliofanya kazi. Sheria hiyo hiyo inampa mfanyakazi likizo ya malipo isiyopungua siku 21 za kazi kwa mwaka. Likizo hiyo utailipa vyovyote. Basi kubalianeni ichukuliwe kwa zamu Mei na Juni, badala ya Agosti unapowahitaji wote.

Wakati huo huo badilisha unachouza. Kusi ikichafua bahari, ngalawa hazitoki kila siku na samaki hupanda bei, kwa hiyo ondoa kamba na pweza, uwapikie wenyeji mahamri na mbaazi za nazi asubuhi. Faida yake ni ndogo, lakini walimu na waendesha boda wapo mwaka mzima.

Mwenye nyumba anataka kodi ya miezi sita mwezi wa Aprili. Kuna wanaokopesha haraka kwa riba ya asilimia 20 kwa mwezi. Nikope? (Dar es Salaam)

La. Hiyo ndiyo mikopo inayoitwa kausha damu. Ukikopa 500,000, riba pekee ni 100,000 kila mwezi. Kwa sahani inayokuachia 1,200, kama ile ya swali la kwanza, utapika sahani 84 kwa ajili ya mkopeshaji kabla hujagusa deni lenyewe. Mkopo hufaa kununua kitu kitakachozalisha, nao usifunike pengo la mwezi mbaya. Mikopo isiyo na riba ya halmashauri, inayotokana na asilimia 10 ya mapato ya ndani (4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu), hutolewa kwa vikundi vilivyosajiliwa na huchukua muda, kwa hiyo muone afisa maendeleo ya jamii wa kata sasa kwa ajili ya mwaka ujao.

Kwa Aprili hii, mwombe mwenye nyumba apokee miezi mitatu safari hii tu, kisha mrudi kwenye miezi sita kuanzia Julai. Yeye hapotezi kitu, na wewe tangu hapo utakuwa unalipa Julai na Januari. Mkikubaliana, muandikishane.