Maandishi ya faili kama kinga ya daktari wa dharura

Daktari mwenzangu, umeuliza namna ya kupunguza hatari ya kushtakiwa kwa uzembe ukiwa zamu ya usiku katika idara ya dharura hapa Dar es Salaam. Ningeanza na faili la mgonjwa. Usiandike tu "maumivu ya kifua, amepewa dawa, ameruhusiwa". Andika saa uliyomwona, kwamba kipimo cha umeme wa moyo kilifanyika ndani ya dakika 10 tangu afike, ulichokiona humo, na sababu iliyokuondolea shaka ya shambulio la moyo, kwa kuwa mbele ya Baraza la Madaktari Tanganyika, chombo kinachosimamia madaktari, miaka miwili baadaye, utakachokikumbuka hakitakuwa na uzito wa ulichokiandika.

Saa ya kukabidhiana zamu nayo ni ya kuogopwa, maana mgonjwa anayesubiri majibu ya damu hubaki hana daktari wa kumfuatilia. Mkabidhi kwa daktari anayeingia zamu, kwa jina, kando ya kitanda. (Nimewahi kumkuta mzee mmoja amesahauliwa hivyo hadi alfajiri.)

Unayemruhusu mweleze kwa Kiswahili chepesi dalili za kumrudisha haraka, naye azirudie kwa kinywa chake. Anayekataa kulazwa usimfokee. Saini yake ya kukataa pekee haikukingi ikiwa hukumweleza madhara.