Siku tatu Edinburgh kwa rafiki yako: zinatosha, ila zigawe vizuri

Mkuu, umeuliza mambo matatu: kama viza yako ya mwanafunzi inakuruhusu kufika Uskoti, kama siku tatu zinatosha kuuona mji wa Edinburgh, na ufanyeje usimchoshe rafiki yako aliyekualika. La kwanza halina maneno mengi. Uskoti ni sehemu ya dola ile ile ya Uingereza, viza ni hiyo hiyo, na kwenye treni anayepita anakagua tiketi tu. Mawili yaliyobaki nayajibu kwa safari yangu, maana nami nilikwenda nikiwa mwanafunzi, mwishoni mwa Novemba, kutoka Leicester, kumwona mwenzangu tuliyesoma naye Tabora Boys kidato cha tano na cha sita. Tulikuwa hatujaonana miaka minne.

Tiketi kata mapema, wiki kadhaa kabla, na kama huna kadi ya punguzo ya treni itafute kwanza. Inakuondolea theluthi moja ya nauli. Mimi nilibadilisha treni Peterborough nikashika ile ya kaskazini. Kaa upande wa kulia. Durham utaona kanisa kuu limesimama juu ya mji, halafu ukishapita Newcastle bahari inaanza kujitokeza, na kuanzia Berwick kwenda mbele kuna mahali reli inapita juu ya majabali na maji yako chini yako kabisa. Mimi mtoto wa Bagamoyo nilikuwa na miezi mingi sijaona bahari. Nilifunga kitabu.

Sasa jambo ambalo hukuuliza lakini lilitusumbua. Kama rafiki yako anakaa hosteli ya chuo, mwambie aulize leo masharti ya mgeni kulala. Mimi nilifika saa nne usiku, tukaambiwa pale mlangoni kwamba mgeni anaandikishwa siku moja kabla. Tulikaa kwenye viti vya mapokezi zaidi ya saa nzima huku mwenzangu akipiga simu na kuomba, hadi wakatukubalia. Aliona aibu sana mbele yangu, na hilo ndilo lililoniuma kuliko kusubiri kwenyewe. Barua pepe moja ingetuepusha.

Kuhusu kumchoka au kumchosha: usimwombe aache masomo akutembeze. Ijumaa asubuhi alikuwa na kipindi, nikaenda zangu peke yangu mji wa kale. Anzia juu, kwenye ngome, ushuke na Royal Mile, barabara kuu ya mji wa kale, mpaka kasri la Holyrood. Mteremko ule una sababu yake. Ngome imekaa juu ya kisiki cha volkano iliyozimika miaka milioni 350 hivi iliyopita. Zamani za barafu, barafu ilikuja kutoka magharibi ikashindwa kulivunja jabali lile, ikapita pembeni na kuacha nyuma yake mkia wa ardhi unaoshuka polepole kuelekea mashariki. Mji wa kale wote umejengwa juu ya mkia huo. Ndiyo maana kushoto na kulia unaona vichochoro vinavyodondoka kama ngazi za kisima, na nyumba ambayo mbele ina ghorofa chache, ukiizunguka nyuma unaikuta imerefuka. Mawe yameingia weusi wa moshi wa makaa ya miaka na miaka. Ngomeni sikuingia, kiingilio ni kikubwa kwa mwanafunzi, na sikujuta.

Adhuhuri niliswali Ijumaa msikiti mkubwa wa pale, uliofunguliwa 1998, uko jirani kabisa na chuo. Mwenzangu ni Mkristo, akanisubiri nje na mwavuli. Tukala wali na mchuzi wa dengu maeneo yale yale, ukiwa na njaa na baridi hakuna chakula kingine unachokitaka. Haggis yao ni moyo, ini na mapafu ya kondoo yaliyosagwa na nafaka ya oti (oats). Mimi nilikula ile isiyo na nyama, ya maharage na dengu, na ilikuwa tamu. Ukiuliza, sehemu nyingi wanayo.

Baada ya chakula akaniambia, twende nikuonyeshe kitu. Akanipeleka Old College, jengo kubwa la mawe la Chuo Kikuu cha Edinburgh, lenye kuba lililoanza kujengwa 1789, tukasimama uani. Akasema, "Mwalimu alisoma chuo hiki." Nilikuwa najua, kila aliyepita Tabora Boys anajua kwamba Nyerere alisoma pale kwetu kisha akaja kusoma Edinburgh. Lakini kujua ukiwa darasani Tabora ni kitu kimoja. Alifika 1949 akiwa na miaka 27, akasoma uchumi, historia, falsafa ya maadili, akaondoka na shahada yake 1952. Akarudi kufundisha shule ya Pugu. Miaka tisa baadaye Tanganyika ikawa huru. Pale uani ilikuwa saa kumi kasorobo alasiri na jua lilikuwa linazama tayari, mvua ya rasharasha, taa zinawaka madirishani, wanafunzi wanapita mbio na mabegi yao. Nikamfikiria kijana wa Butiama kwenye baridi ile, bila simu, barua yake ikichukua wiki kadhaa kufika nyumbani. Mwenzangu akaniambia kwamba mwezi wa kwanza alikuwa akija pale kila alipozidiwa na upweke. Hakuwahi kuniandikia hilo. Tulibaki pale tukiongea mpaka vidole vikafa ganzi, na nikuambie wazi, kama ningerudi Leicester usiku ule ule bado safari ingekuwa imenilipa.

Jumamosi tulipanda Arthur's Seat, kilima cha mita 251 katikati ya mji. Vaa viatu vyenye meno, jabali la juu linateleza na upepo unasukuma kweli. Ukifika kileleni unaona mji wote, ghuba ya Forth na bahari nyuma yake. Tukashuka hadi bustani za Princes Street, bonde ambalo zamani lilikuwa ziwa chafu kabla halijakaushwa. Saa saba kamili mzinga ukalia kutoka ngomeni. Unalia kila siku isipokuwa Jumapili, Ijumaa Kuu na Krismasi, tangu 1861, ili meli zilizokuwa ghubani zipate saa hata siku ya ukungu. Nilishtuka, mwenzangu akatazama saa yake kama wenyeji.

Humo humo bustanini kuna sanamu ya David Livingstone, yule mmisionari na mvumbuzi Mskoti. Sisi wa Bagamoyo tumekua na mnara wa kanisa ambamo mwili wake ulilazwa Februari 1874, kabla haujavushwa kwenda Unguja. Mimi mbele ya sanamu ile niliwawaza watumishi wake Susi na Chuma na wenzao, walioubeba kwa miguu kutoka Chitambo alikofia, Zambia ya leo, wakapita Unyanyembe, mpaka pwani. Nikamsimulia mwenzangu kuanzia mwanzo hadi mwisho. Nawe ukifika, simama hapo kidogo uwataje.

Jumapili ni ya Makumbusho ya Taifa, bure, na ni pazuri pa kukimbilia mvua. Ukipewa noti zilizotolewa na benki za Uskoti ni fedha halali za pauni, ila zitumie kabla hujarudi kusini, maana madukani kwenu wapo watakaozigeuzageuza. Agosti usiende kama huna pa kulala kwa uhakika. Ni mwezi wa matamasha na bei za vyumba hazishikiki.

Na usiende mikono mitupu. Mimi nilibeba kilo tano za unga wa sembe, maharage na dagaa kutoka duka la Waafrika la Leicester. Usiku wa Jumamosi tulisonga ugali jikoni kwao, wakaja jirani zake wawili, Mghana na Mhindi, tukala kwa mikono kwenye sahani moja. Muulize rafiki yako anatamani nini, halafu umbebee kingi kuliko alichotaja, kwa sababu atataja kidogo.