Vidonge vya presha nilivyovifungia kabatini

Mimba yangu ya kwanza ilikuwa ya miezi mitano nilipopimwa presha kliniki, hapa Wete, ikasoma 150 kwa 100. Nikapewa methildopa ya miligramu 250, mara tatu kwa siku. Wiki mbili baadaye ikasoma 130 kwa 80. Nikasema alhamdulillahi, nimepona, nikavifungia vidonge kabatini. Sikujua kuwa ni hivyo vidonge ndivyo vilivyoishusha. Nyumbani wakubwa walifurahi, maana waliogopa dawa ya kila siku itamdhuru mtoto.

Mwezi wa nane kichwa kikaniuma siku mbili mfululizo, macho yakawa yanaona vimulimuli. Nikaletewa kombe, yale maji yaliyooshewa aya za Kurani, nikanywa. Kombe nalinywa mpaka leo, silikatazi, lakini siku ile gari ilipaswa kuitwa kwanza. Nilifikishwa hospitali presha iko 170 kwa 115. Nikachomwa sindano za magnesiamu makalio yote mawili, za kuzuia kifafa cha mimba. Zinauma, na mwili mzima unawaka. Mwanangu alitolewa kwa upasuaji, kadogo mno, na Mungu akamweka.

Mimba ya pili nilikwenda kliniki mwezi wa tatu, nikaeleza yote. Nikaanzishwa aspirini ya miligramu 75, ambayo mtu kama mimi huanzishwa kabla ya wiki ya 20, na methildopa ileile. Safari hii niliuliza: mtoto je? Daktari akaniambia methildopa ilijaribiwa kwa wajawazito Oxford, Uingereza, matokeo yakachapishwa 1976, na watoto wao wakafuatiliwa mpaka miaka 7 na nusu bila kuonekana imewadhuru. Laiti ningeuliza mara ya kwanza!

Mwenzangu, ukipewa, meza, hata ukijiona mzima. Siku za mwanzo utasinzia na kusikia kizunguzungu, basi inuka kitandani taratibu. Kama ulikuwa na presha tangu kabla ya mimba na unatumia kaptoprili, enalaprili au losatani, ukikosa siku zako tu nenda kwa daktari akubadilishie, maana hizo zinaharibu figo za mtoto. Usiziache kimyakimya ukabaki bila dawa.

Na ukishajifungua usivitupe vidonge. Kifafa cha mimba kinaweza kumkuta mzazi akiwa tayari ndani na kichanga chake, kwa hiyo hata siku hizo kichwa kikiuma sana, au macho yakifanya giza, waambie wakupeleke usiku huohuo.