Usisubiri Kiingereza Kikamilike Ndipo Uanze Kusoma Biashara

Watu wazima wengi wanaoniuliza kuhusu masomo ya biashara huanza na kauli ileile: "Acha kwanza nikimalize Kiingereza, halafu nitajiandikisha." Naielewa hofu hiyo. Mimi mwenyewe nilisoma misingi ya biashara nikiwa mtu mzima mwenye kazi na familia, kwa lugha ambayo bado nilikuwa naipapasa. Lakini hapa nina msimamo: Kiingereza hakimaliziki, na biashara haina haja ya kukisubiri. Anza vyote pamoja, na hesabu ndizo zikushike mkono.

Kiingereza cha biashara ni kipande kidogo cha Kiingereza, tena kimejaa tarakimu. Hadithi ndefu inaweza kukuacha njiani kwa maneno machache tu usiyoyajua. Taarifa ya mapato na matumizi ni tofauti, kwa kuwa maneno yamepangwa upande mmoja na namba upande wa pili, na namba zenyewe zinasema. Juu kabisa ni mauzo, kisha gharama ya bidhaa zilizouzwa. Ukitoa unapata faida ghafi. Ukizidi kushuka unatoa mishahara, kodi ya pango, riba na kodi ya serikali, hadi unafika kwenye faida halisi. Aliyekwisha kuuelewa mpangilio huu kwa lugha yake anaweza kufungua taarifa ya kampuni asiyoijua, akakutana na neno geni, na akakisia maana yake bila kupotea mbali, kwa sababu mahali lilipokaa panaonyesha kazi yake.

Ndiyo maana nasema dhana iingie kwanza kwa lugha unayofikiria. Nilipokuwa nasoma, kila mada mpya niliifanyia mfano mmoja wenye namba ndogo, nikaueleza kwa Kiswahili kwa sauti, ndipo nikarudi kwenye kitabu. Hebu tuufanye mmoja hapa.

Mshonaji amepata oda ya mashati 100. Kila shati linamgharimu 80 kwa kitambaa na ujira, naye analiuza 100. Mteja amechukua mzigo na atalipa baada ya siku 60. Je, mshonaji amepata faida? Kwa vitabu, ndiyo: mauzo ni 10,000, gharama ni 8,000, faida ni 2,000. Lakini mfukoni zimetoka 8,000 na haijaingia hata moja. Ikiwa mwisho wa mwezi mwenye pango anabisha hodi, faida ile ya kwenye karatasi haitamlipa. Hapo umeelewa kwa nini kuna taarifa ya mapato na matumizi, na kwa nini kuna taarifa nyingine ya mtiririko wa fedha. Wapo waliosoma sura nzima kwa Kiingereza safi na bado wanavichanganya vitu hivi viwili, maana walikariri maneno bila kuona fedha zikitembea.

Mfano huohuo haujaisha. Faida ya kila shati ni 20. Ukiilinganisha na bei ya kuuzia, ni asilimia 20. Ukiilinganisha na gharama, ni asilimia 25. Vitabu vya Kiingereza huita ya kwanza margin na ya pili markup, na kuzichanganya kwenye mtihani au kwenye mazungumzo ya bei kuna gharama yake. Sasa tuseme mshonaji ana gharama zisizobadilika za 3,000 kwa mwezi, ashone asishone. Gawa 3,000 kwa ile 20 na utapata 150: mashati anayopaswa kuuza kila mwezi kabla hajaanza kuona faida. Shati la 151 ndilo la kwanza kumwekea kitu. Shati moja limekufundisha dhana nne, na maneno ya Kiingereza yanayozibeba sasa yana pa kukaa.

Kuna jambo la historia ambalo lilinitia moyo sana. Mwaka 1494, huko Venice, mtawa na mwanahisabati Luca Pacioli alichapisha maelezo ya mfumo wa kuweka hesabu kwa maingizo mawili, ule ambao kila muamala huandikwa pande mbili, debiti (upande wa kushoto) na krediti (upande wa kulia). Wafanyabiashara walikuwa tayari wanautumia, yeye akauweka kwenye chapa. Na hakuandika kwa Kilatini, lugha ya wasomi wa enzi zake, bali kwa Kiitaliano. Kwa hiyo mtu akikuona unaandika kwa Kiswahili pembeni mwa kitabu chako kwamba mali ni sawa na madeni jumlisha mtaji, usione haya. Maarifa haya yalianza kuchapishwa kwa lugha ya watu wa sokoni.

Turudi kwenye Kiingereza chenyewe, maana mtu hajifunzi lugha kwa bahati. Maneno yanayokwamisha wanafunzi wazima mara nyingi si yale ya uhasibu, ambayo mwalimu huyafafanua. Ni yale ya katikati, yanayounganisha hoja za kitaaluma katika somo lolote, na ambayo hakuna anayekaa kukueleza. Mtafiti wa lugha Averil Coxhead alitoa mwaka 2000 orodha ya familia 570 za maneno ya aina hiyo (familia ni neno pamoja na maneno yaliyotokana nalo), ambayo kwa pamoja hufanya takriban asilimia 10 ya maneno katika maandishi ya kitaaluma. Inapatikana kwa urahisi. Jifunze kidogo kidogo kutoka humo, na kila neno litungie sentensi ya biashara.

Vitu vidogo vya kuzingatia ukisoma taarifa za fedha: namba iliyo ndani ya mabano ni hasi, yaani hasara au fedha iliyotoka. Angalia pia kichwa cha jedwali. Ikiwa kimesema namba ziko kwa maelfu, basi 4,500 ni milioni nne na nusu. Na ujue kama kitabu chako ni cha Uingereza au cha Marekani, kwa sababu stock kwa mhasibu wa Uingereza ni bidhaa zilizo ghalani, lakini Marekani mara nyingi ni hisa.

Kwenye kuandika, zoezi lenye faida kubwa kuliko yote ni kueleza jedwali kwa sentensi fupi. Nani, amefanya nini, kwa kiasi gani, lini. Hapa kuna mtego ambao namwonya kila mtu. Mauzo kupanda kwa asilimia 8 ni habari moja, na mauzo kupanda hadi asilimia 8 ya soko ni nyingine kabisa. Katika Kiingereza tofauti hiyo yote inabebwa na neno dogo la herufi mbili, by au to. Vilevile, riba ikitoka asilimia 10 ikafika 12, imepanda kwa pointi 2 za asilimia, lakini riba yenyewe imeongezeka kwa asilimia 20. Zote mbili ni kweli, na msomaji lazima ajue unazungumzia ipi.

Darasani, soma sura kabla ya kipindi. Sikio linafuata kwa urahisi jambo ambalo jicho limeshalipitia, hata kama mwalimu anazungumza haraka. Na uliza. Mtu mzima amewahi kudaiwa, kudai, kulipwa mshahara, pengine hata kulipa wengine. Kijana aliye kando yako anaweza kuwa na Kiingereza kinachotiririka na hajawahi kukopesha mtu. Swali lako lenye sarufi iliyovunjika linaweza kuwa ndilo swali zito kuliko yote siku hiyo, na nimeona mara nyingi darasa zima likiinua kalamu kusikiliza jibu lake.

Mtihani ukikaribia, tumia muda kwenye vitenzi vya maswali. Taja, eleza, kokotoa, linganisha na tathmini ni kazi tano tofauti. Anayetakiwa kutaja akaeleza kurasa mbili amepoteza muda, na anayetakiwa kutathmini akaishia kueleza amepoteza alama hata kama kila alichoandika ni sahihi, kwa kuwa hakutoa uamuzi wake na sababu zake. Kwenye maswali ya hesabu, andika kanuni kwanza, kisha namba zako, kisha jibu na kipimo chake. Wasahihishaji wengi hutoa alama kwa njia hata jibu la mwisho likikosewa, na njia iliyoandikwa kwa tarakimu haihitaji Kiingereza kingi.