Nilivyoipenda Sword Art Online kwa sababu ya nyumba moja ya mbao

Mara ya kwanza niliiacha Sword Art Online, anime (katuni ya Kijapani), sehemu ya nne. Nilikuwa nimeingia nikitaka gemu. Wachezaji 10,000 wamenaswa ndani ya ulimwengu wa kompyuta, kofia walizovaa zitawaunguza ubongo wakifa humo, na hakuna kutoka mpaka ghorofa zote 100 za ngome iliyomo humo zipandwe, kila moja na bosi wake, yaani adui mkuu wa kushindwa. Nani asingekaa kitako? Kumbe ghorofa zenyewe hatuoneshwi. Sehemu ya pili tuko ghorofa ya kwanza, tukifika sehemu ya nne zaidi ya mwaka umeshapita kimyakimya, na stelingi wetu Kirito ana nguvu za kusimama tu huku kundi zima la majambazi likimkata mapanga bila kumfanya lolote. Nikazima.

Mdogo wangu ndiye aliyenirudisha. "Dada, wewe unaangalia vita," akaniambia. "Hebu waangalie wale wawili tu."

Kwa hiyo ushauri wangu kwa anayetaka kuianza, au aliyeianza akaichukia, ni huohuo wa mdogo wangu. Ila nitaueleza kwa kirefu, na natahadharisha mapema kwamba nitataja mwisho.

Kwanza, acha kuidai kitu isichokuwa nacho. Msimu wa kwanza, sehemu 25 zilizotoka mwaka 2012, umetokana na vitabu vya Reki Kawahara. Kitabu cha kwanza, ukiondoa utangulizi wake, kinaanza wachezaji wakiwa tayari ghorofa ya 74. Waliotengeneza anime wakachukua hadithi fupi za vitabu vingine, wakazipanga kwa mfuatano wa tarehe kabla ya hapo. Ndiyo maana kila sehemu inakuja na msichana mpya anayemtamani Kirito, kisha hatumwoni tena kwa muda mrefu. Nilipolijua hilo niliacha kusubiri safari ya ghorofa kwa ghorofa. Nikaanza kumsubiri Asuna, mwenzake Kirito katika wale wawili.

Nenda sehemu ya tano. Asuna ni naibu kiongozi wa chama chenye nguvu kuliko vyote, mkali kama pilipili, na amemkuta Kirito amejilaza kwenye nyasi wakati wenzake wako mapambanoni. Anamfokea. Kirito anamjibu kwamba leo hali ya hewa ni nzuri kuliko siku zote, ni dhambi kuipoteza ndani ya mapango. Asuna anajilaza naye, kwa kumbishia tu. Akalala. Akalala fofofo, mpaka jua likaanza kuzama. Kirito hakuondoka, kwa sababu katika gemu hiyo mtu aliyelala anaweza kuuawa: muuaji hukishika kidole chake na kumkubalisha pambano bila yeye kujua. Asuna anaposhtuka mkono unakimbilia upanga, kisha anamwona kijana ameketi pembeni na kuelewa alikuwa anafanya nini muda wote huo. Aibu inamjaa, anaishia kumwambia atamnunulia chakula.

Hakuna aliyesema neno la mapenzi hapo. Lakini mimi niliirudia mara tatu.

Ukishalishika hilo, mengine yanajileta. Sehemu ya nane Kirito anapata nyama adimu ya sungura ambayo hajui kuipika, na Asuna ndiye mwenye ujuzi wa jikoni. Baadaye inajulikana kwamba msichana huyu amekuwa akichanganya viungo vya gemu kimoja baada ya kingine mpaka akapata ladha ya sosi ya soya na mayonezi za nyumbani. Mtu anayeweza kufa kesho anahangaika na mayonezi! Ukiniuliza hadithi hii inahusu nini, nitakutajia hizo sosi kabla ya upanga wowote.

Halafu wanaoana, na jambo hili ndilo linaloitofautisha na anime nyingi za mapenzi nilizotazama, ambapo watu huzunguka msimu mzima ndipo washikane mikono. Hawa wanaoana sehemu ya kumi, msimu ukiwa bado haujafika nusu, wanahamia nyumba ya mbao katikati ya msitu, ghorofa ya 22. Swali linaacha kuwa watapatana au la, linakuwa wataishije. Wanaokota mtoto aliyepotea msituni na kumlea. Wanakwenda kuvua samaki na mzee mmoja. Wanaokuja kutafuta vita huzilalamikia sehemu hizi kwamba hakuna kinachotokea, nami nasema zitazame polepole, ikiwezekana usiku mmoja zote.

Kasoro usizitetee. Nilipoteza muda mwingi kubishana na watu nikijifanya naona mantiki sehemu ya 14. Hakuna mantiki. Wote wamepoozeshwa sakafuni, ila Asuna anainuka na kumkinga Kirito kwa mwili wake, anime isieleze ameinukaje. Kirito naye anakufa, kisha anakataa kufa hadi amchome adui. Stelingi hafi, sote tunajua, lakini angalau tungepewa kisingizio. Kubali tu kwamba imeandikwa hovyo, halafu uone kinachofuata: wawili wamekaa angani jua likizama, ngome inabomoka chini yao, na sasa ndiyo wanaambiana majina yao halisi na umri. Kazuto, miaka 16. Asuna, 17. Mume na mke walikuwa hawajaambiana hilo. Nililia, na ubovu wa dakika kumi zilizotangulia haukunizuia.

Nusu ya pili ni habari nyingine, ndani ya gemu nyingine, na hapa siwezi kukubembeleza. Asuna, yule yule aliyekuwa akiongoza mashambulizi, anafungiwa ndani ya kizimba kama ndege na mwanamume anayemdhalilisha, huku Kirito akisafiri na binamu yake, aliyelelewa naye kama dada, ambaye naye anampenda. Mapenzi niliyoyafuata hayamo, kwa sababu hawa wawili hawako pamoja. Mimi huishia sehemu ya 14 na kurukia mbili za mwisho, kwa ajili ya theluji na chumba cha hospitali. Mdogo wangu anasema nadanganya nikijihesabu nimemaliza msimu. Sawa.

Ukibaki na kiu ya ghorofa zilizorukwa, filamu ya mwaka 2021 ya mfululizo wa Progressive inarudi mwanzo kabisa na kumfuata Asuna mwenyewe, kabla hajawa mkali. Lakini usianze nayo. Utamu wake ni kumwona akiwa mwoga ilhali unajua atakuja kuwa nani.

Na kama hujachoka, uendelee na msimu wa pili, wa 2014. Kuna vita vingi humo, na vingine nilivisahau hata kabla ya kulala. Ila mle ndani kuna pambano moja ambalo sababu yake ni ile nyumba ya mbao ya ghorofa ya 22. Ngome imejengwa upya ndani ya gemu nyingine, nyumba iko palepale msituni, na Asuna anataka kuwahi kabla mtu mwingine hajainunua.