Paka mwenye homa na paracetamol
Je, paka mwenye homa anaweza kupewa paracetamol? Hapana, hapewi, hata nusu kidonge, hata ile ya maji wanayopewa watoto. Ini la paka lina upungufu mkubwa wa kimeng'enya ambacho kwa binadamu huiondolea dawa hiyo makali yake, kwa hiyo sumu inayobaki mwilini huharibu seli nyekundu za damu hadi zishindwe kubeba oksijeni, na kidonge kimoja cha miligramu 500 kinatosha kumuua paka aliyekomaa. Dalili huanza ndani ya saa chache: ufizi hugeuka kahawia au buluu, uso na miguu huvimba, naye huhema kwa shida. Aliyekwisha kumpa asimtapishe kwa maji ya chumvi wala asimnyweshe maziwa, bali ampeleke mara moja kwa daktari wa mifugo pamoja na pakiti ya dawa, maana ipo dawa ya kuipinga sumu hiyo, asetilisisteini, ambayo hufaa zaidi ikitolewa mapema. Mbwa huistahimili paracetamol zaidi kuliko paka, lakini kipimo chake hupangwa na daktari, hakikadiriwi nyumbani.