Majani ya dhahabu chini ya mti wa avoka

Katika viwanja vingi vya Bukavu, hasa vile vya zamani vya Nguba na Muhumba ambako miti imekuwa mikubwa, kuna sehemu ambayo nyasi hazikubali kuota na ambayo mvua za mwezi wa kumi huigeuza kuwa tope jekundu. Mahali pa namna hiyo mimi nimepanda Lysimachia nummularia aina ya Aurea, mmea wa kutambaa wenye asili ya Ulaya, ambao kwa kawaida hauzidi kimo cha sentimita 10 na ambao majani yake madogo ya mviringo yana rangi ya dhahabu. Unakubali kivuli bila taabu. Rangi yake, hata hivyo, hutegemea kiasi cha mwanga, na hilo mpandaji wa huku alifikirie kabla ya kushika jembe.

Majani hayo ni ya dhahabu kwa sababu yana klorofili kidogo, yaani kile kinachoyapa majani rangi ya kijani. Yakikosa mwanga, mmea huongeza klorofili na kugeuka kijani cha ndimu, rangi ambayo si mbaya, ila si ile uliyoitafuta. Yakipigwa na jua la saa saba mchana katika mwinuko wetu wa takriban mita 1,500, kingo zake huungua. Vitabu vya bustani vya Ulaya hushauri kutafuta kivuli kaskazini mwa ukuta, kwa kuwa huko jua la adhuhuri huwa kusini mwaka mzima. Bukavu iko kama digrii 2.5 tu kusini mwa ikweta: tangu katikati ya mwezi wa tatu hadi mwishoni mwa mwezi wa tisa jua la adhuhuri hupita upande wa kaskazini, kisha huhamia kusini, na kivuli cha ukuta huhama nalo. Kwa hiyo mimi huchagua kusini mwa nyumba, maana kivuli hukaa huko wakati wa kiangazi, ardhi ikiwa kavu, na jua linapouelekea upande huo mvua na mawingu huwa vimekwisha kurejea. Asiye na nafasi hiyo atafute mahali panapopata jua la asubuhi peke yake.

Chini ya mti wa avoka, punguza matawi ya chini ili mwanga upenye, na usilime kwa kina, kwani mizizi inayoulisha mti iko karibu na uso wa udongo. Ng'oa sangari kwa mkono, kisha tandaza mboji. Majani makubwa yanayoanguka yaokotwe mara kwa mara, la sivyo yataufunika mmea na kuuozesha. Chini ya mikaratusi sishauri kabisa, kwa sababu miti hiyo hunyonya maji, na mmea huu hupenda unyevu kuliko kitu kingine chochote.

Panda mvua zinapoanza. Vipande vya shina vyenye vifundo vichache vinatosha, kwa kuwa kila kifundo kinachogusa udongo wenye unyevu hutoa mizizi. Viachie nafasi ya sentimita 30 hivi. Maua yake ni ya manjano, na juu ya majani ya rangi hiyo hiyo hayaonekani sana, basi usiupande kwa ajili ya maua.

Wenye viwanja vya mteremko, nao ni wengi mjini petu, wasiutegemee kuzuia maporomoko. Huzuia matone ya mvua yasichimbue udongo wa juu, lakini mizizi yake ni mifupi. Kingo za matuta bado zinahitaji vetiva au majani mengine yenye mizizi mirefu.

Mwisho, uupande mbali na mifereji na vijito. Katika Amerika ya Kaskazini, ulikopelekwa kama pambo, mmea huu umevamia ardhi chepechepe na kingo za mito, na maji yetu yote huteremkia Ziwa Kivu au mto Ruzizi. Mabaki unayoyakata yaanike juani mpaka yakauke kabisa ndipo uyatie kwenye shimo la mboji.